Lifti ya Mama Mdogo

Kama nyumbani una mashine ya kufulia inayozunguka bila kujua ikome lini, au televisheni inayowaka, ikaonyesha nembo yake na kugoma hapo hapo, au redio ya gari inayokudai namba ya siri ambayo hata aliyekuuzia gari haijui, basi ilikubidi umtafute Kibano. Duka lake lilikuwa chini ya ngazi za jengo la ghorofa saba, chumba kimoja chenye dari lililoinama, na wateja warefu waliingia wameinama vile vile, kama watu waliokuja kuomba radhi. Kibano mwenyewe alikuwa mfupi, kwa hiyo dari halikumhusu.

Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu kibano hakikumtoka mkononi. Alikitumia kunyanyulia chipu za kumbukumbu, vile vidude vyeusi vyenye miguu minane, vidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, ambamo mashine huweka kila inachokijua. Alikitumia pia kutolea miba, kunyofolea nyusi na, akiwa peke yake, kulia karanga. Kazi yenyewe ukiitazama haina mbwembwe. Chipu inakalishwa kwenye soketi, ile nukta iliyochorwa kwenye kona yake ikielekea inakotakiwa. Soketi imeungwa na kompyuta kwa waya. Kompyuta inasoma kilichomo, inakifuta, inaandika kingine. Ikimaliza, mashine yako iliyorukwa na akili inaamka na akili zake timamu, na wewe unaondoka ukisema kumbe kazi yenyewe ni hiyo tu.

Ukutani juu ya meza Kibano alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: FUTA, ANDIKA, HAKIKI. Ufute kwanza, takataka za zamani zisibaki. Uandike. Kisha uhakiki, yaani kompyuta isome upya kile ilichoandika na kulinganisha kimoja kimoja. Maneno hayo aliwahubiria watu wote, hata waliochungulia kuuliza choo kiko wapi. Kwa hiyo asionewe huruma kwa yaliyompata, maana alijikwaa kwenye neno la kwanza kabisa.

Mambo yalianzia kwenye lifti. Lifti ya jengo lile ilikufa zamani, hadi wapangaji wakasahau kuwa ile milango ya chuma ni milango. Walibandika juu yake matangazo ya vyumba na ya paka waliopotea. Siku moja msimamizi wa jengo, mtu mwenye shada la funguo kiunoni na mwendo wa kulitingisha, akaingia dukani kwa Kibano ameinama.

"Lifti inafufuka," alisema. "Mota mpya, nyaya mpya. Ila safari hii nataka iongee. Itaje ghorofa."

"Iongee ya nini? Si kuna vitufe vina namba?"

"Namba za nani? Umesahau ghorofa ya saba kuna nani?"

Ghorofa ya saba alikuwepo fundi miwani. Alipanga juu kabisa kwa sababu ya mwanga, na wateja wake, kama ilivyo shida yao, namba za vitufe hawakuziona. Enzi lifti ilipokuwa hai walikuwa wakishukia ghorofa yoyote. Wakili wa ghorofa ya tano aliwahi kukaa na bibi mmoja muda mrefu wakijadili shamba, hadi bibi alipomwuliza ni lini hasa atapimwa macho.

"Sawa," Kibano alisema. "Unataka sauti ya namna gani?"

"Ya mtu mwenye adabu zake. Siyo hizi za kubana pua."

Kibano hakuhitaji kufikiri. Sauti hiyo alikua nayo nyumbani. Ilikuwa ya Mama Mdogo, mdogo wa mama yake, aliyemlea tangu akiwa na meno ya utoto. Mama Mdogo alifanya kazi zahanati ya ng'ambo ya barabara, kwenye dirisha la mapokezi, na kazi yake ilikuwa kuita wagonjwa. "Namba kumi na nne, dirisha la pili." Basi. Lakini aliyasema hayo kwa namna ambayo hata anayelia na jino alinyamaza kidogo kumsikiliza. Alifiwa na mume akiwa bado kijana, hakuolewa tena, na aliishi kwa mpangilio: nguo zimepigwa pasi, maneno yamepimwa, na nyumbani meza ndogo yenye viti viwili, kimoja chake na kingine cha Kibano siku za Jumapili.

Kumpata hakukuwa rahisi. Mama Mdogo alikuwa na kidonda. Miaka ya nyuma, kwenye shughuli ya familia, binamu zake Kibano walimrekodi akicheka. Na kicheko chake, tuseme ukweli, hakikufanana na sauti yake hata kidogo: kilianza kwa kwikwi na kuishia kama birika linalochemka. Wale watoto wakakifanya mlio wa simu, wakatumiana, kikasambaa, hadi siku moja foleni ya zahanati imetulia, simu ya mtu asiyemjua ikalia kwa kicheko cha Mama Mdogo. Foleni nzima ikavunjika mbavu. Tangu siku hiyo hakucheka tena mbele za watu, na binamu mmoja hadi leo akienda kumsalimia husalimiwa kupitia dirishani.

"Nitasema ghorofa," Mama Mdogo alisema baada ya kubembelezwa sana. "Ghorofa tu. Na ukinichezea, mwanangu, kwangu usitie mguu."

"Mama Mdogo jamani! Mimi nikuchezee?"

"Walioniharibia kicheko changu hawakuwa watu baki, walikuwa damu yangu. Niahidi."

"Nakuahidi. Hakuna neno lako jingine litakalotoka kwenye ile lifti."

Aliahidi kwa moyo mweupe. Mama Mdogo alikuwa mtu wake wa pekee, na Jumapili bila kile kiti chake Kibano hakuweza hata kuiwazia.

Wakapanga mapumziko ya mchana. Mama Mdogo aliingia dukani na sare yake ya zahanati, miwani ikiwa mkononi, mguu mmoja wa miwani ukining'inia.

"Imelegea tena," alisema. "Skrubu hii ina shetani. Nikitoka hapa napanda kwa fundi."

"Utapanda ngazi zote hizo? Lete, bisibisi ndogo ninayo hapa. Sekunde mbili."

"Wewe mambo ya macho huyajui." Mama Mdogo aliirudisha miwani kwenye mkoba haraka. "Waachie wenye kazi yao."

Kibano akacheka, akaweka maikrofoni sawa, akawasha. Akamwambia aseme chochote kwanza, wajaribu tu, wasikie kama spika ndogo ya lifti haitakwaruza. Hapo hapo mteja akamwita nje, mashine ya kufulia imeletwa na mkokoteni na mwenye mkokoteni ana haraka. Kibano alitoka mbio. Kinasa sauti alikiacha kinaendelea.

Aliporudi alimkuta Mama Mdogo akimalizia simu na shoga yake wa dirisha la dawa, uso umekunjuka kuliko kawaida. Alipomwona Kibano aliukunja tena, akaiweka simu kwenye mkoba. Kibano alisimamisha kurekodi. Ile rekodi ya majaribio akaitupia kwenye chipu ilivyo. Programu ikaikata vipande vinane, kila kimoja nafasi yake, kama vituo vinane vya lifti. Akasikiliza kipande cha kwanza tu. "Moja, mbili, tatu. Jamani, hiki kidude kinanisikia kweli?" Safi, hakuna mkwaruzo. Vingine hakuvisikiliza, vya nini?

Kisha wakarekodi kazi yenyewe. "Chini. Karibu." "Ghorofa ya kwanza." Hivyo hivyo hadi "Ghorofa ya saba. Angalia unapokanyaga." Mama Mdogo alizisema zote bila kurudia hata moja, akiwa amekaa wima, mikono magotini.

Sasa sikiliza makosa yalivyoingia. Kufuta chipu ile kulichukua muda wa kuchemsha chai, na Mama Mdogo alikuwa ameshasimama mlangoni na mkoba wake, "Haya, tayari? Mwenzio nina safari ya ngazi." Kibano akautazama ukuta, akautazama mlango. Akajiambia, kwani kuna haja? Kipya kitaandikwa juu ya cha zamani, kitakifunika. Akaruka kufuta.

Kosa hilo peke yake lisingemwua. Ila kompyuta huhesabu kuanzia sifuri. Chini ilikuwa nafasi ya sifuri, ghorofa ya kwanza nafasi ya kwanza, hadi ya saba nafasi ya saba, hapo hakuna ugomvi. Kibano akaiamuru programu iandike kuanzia sifuri hadi saba. Na programu ile ukiiambia "hadi saba" inafika mlangoni kwa saba, inasimama, haiingii. Ukitaka iingie lazima uiambie "hadi nane." Kibano alilijua hilo kama anavyoujua mswaki wake. Waulize watu wa kazi hii, hakuna ambaye hajaanguka kwenye shimo hilo, na kesho ataanguka tena.

Kisha akahakiki. Kompyuta ikalinganisha ilichoandika, ikakuta sawasawa, ikatoa alama ya kijani. Habari za nafasi ya saba haikuulizwa, nayo haikujisumbua kuzisema. Ikabaki pale na kipande cha mwisho cha majaribio, kile ambacho Kibano hakukisikiliza.

Kufunga chipu kulikuwa kazi ya mara moja. Kisanduku cha lifti kilikuwa darini, ndani ya chumba ambacho ufunguo wake ulining'inia kiunoni kwa msimamizi. Wakafunga, wakashuka, wakapanda tena kuijaribu. "Ghorofa ya kwanza," lifti ilisema, kwa utulivu wa dirisha la mapokezi. "Ghorofa ya pili." Msimamizi alifumba macho kwa raha. Ghorofa ya sita ndiko ofisi yake ilikokuwa. Simu yake ikaita, akatoka akizungumza, akamwonyesha Kibano dole gumba. Kibano akabonyeza kitufe cha chini. Kama zote hizo zimesema, ya saba itaanzaje kukosea? Akarudi dukani akipiga mluzi.

Siku zilizofuata alivimba kichwa. Lifti ilikuwa imependwa. Mabinti wa cherehani wa ghorofa ya nne walipanda nayo hadi juu kabisa na kushuka, bila shughuli yoyote, wakirudi wameshikana mabega. Mpeleka barua alipanda mara mbili. Hata yule wakili, mtu ambaye uso wake haukuwahi kupata habari ya tabasamu, alionekana akitoka kwenye lifti akijifuta machozi kwa leso. Kibano alijua watu wa leo hawana shukrani, lakini kumbe kazi nzuri bado inawagusa.

Mama Mdogo hakuwa ameipanda. Zahanati ilikuwa na upungufu wa watu, akapewa zamu mbili mbili, akawa anaisikia lifti yake kwa wengine tu. "Wananiambia inapendeza," alimwambia Kibano kwenye simu, na sauti yake ilikuwa na furaha ya kujizuia. "Mtu mmoja kaniambia leo dirishani, mama, endelea hivyo hivyo, usikate tamaa. Nikasema ahsante. Nisikate tamaa ya nini, sijui."

Kibano naye hakujua. Ila asubuhi ya siku ya nne mteja mmoja wa redio, akihesabiwa waya zake, aliinama na kumwuliza kwa sauti ya chini, "Na yule mama wa lifti, vipi, alishafanikiwa?"

"Kufanikiwa nini?"

"Ina maana hujui? Aa, wewe kapande tu. Nenda mpaka juu."

Kibano akapanda, kibano mkononi. Ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila kitu shwari. Ghorofa ya sita. Lifti ikapanda kidogo, ikasimama, na kabla milango haijafunguka Mama Mdogo akasema kutoka kwenye spika, siyo kwa sauti ya dirishani, bali kwa ile ya kuongea na shoga:

"...we nawe! Hiyo skrubu si nailegeza mwenyewe, kwa kibano cha mtoto! Sasa nisipoilegeza, nitapata wapi sababu ya kwenda kumwona fundi wangu?"

Kikafuata kicheko. Kile kile. Kwikwi, kisha birika.

Milango ikafunguka, Kibano akabaki amesimama ndani. Akakitazama kibano chake, akakumbuka mara zote alizokitafuta Jumapili jioni na kukikuta kwenye mkoba wa Mama Mdogo. Alimwonea huruma Mama Mdogo, hapo hapo akatamani kumkumbatia, hapo hapo akajiogopea mwenyewe. Siri ya moyo, na juu yake kicheko. Na jengo zima lilikuwa limepanda kuisikiliza.

Simu ikatetema mfukoni. Ujumbe wa Mama Mdogo: "Nimepata nafasi. Miwani imelegea tena. Nakuja sasa hivi, leo napanda lifti yangu."

Kibano akatoka nje ya lifti, akampigia msimamizi. Msimamizi alikuwa kwa daktari wa meno, mdomo wazi, akajibu kwa kuguna tu. Funguo zote zilikuwa naye kiunoni. Kibano akasema neno ambalo Mama Mdogo asingependa kulisikia. Akafikiria kukimbilia chini abandike karatasi ya "lifti mbovu," akageukia ngazi, akakutana uso kwa uso na fundi miwani.

Alikuwa mtu mrefu, mtaratibu, miwani moja puani na nyingine kaisahau kichwani. Mkononi alishika gazeti.

"Wewe ndiye uliyeiandika hii?" aliuliza, akionyesha lifti kwa kidevu.

"Ndiyo, baba. Nisamehe sana. Sikukusudia. Ni kosa langu mimi, yeye hajui lolote, alikuwa anaongea na simu. Naomba usimfikirie vibaya."

"Mimi kwa kawaida nikishapanda asubuhi sishuki mpaka jioni," alisema fundi miwani, kana kwamba hakusikia. "Wiki hii nashuka kununua gazeti. Asubuhi nashuka, mchana nashuka, saa tisa nashuka." Akalitazama lililokuwa mkononi. "Gazeti lenyewe ni lile lile."

Kibano alilitazama lile gazeti.

"Ana kicheko kizuri," fundi aliongeza. "Miaka yote hii anakuja hapa, sikuwahi kukisikia."

Lifti ikanguruma. Mtu alikuwa ameiita chini. Taa ndogo juu ya mlango ikashuka hadi chini kabisa, ikatulia, kisha ikaanza kupanda. Kibano aliruka akabonyeza kitufe, akabonyeza tena, lakini lifti ikishaanza safari haisikilizi kitufe cha mtu. Walisikia sauti ikija kupitia ukutani, moja moja, tulivu kabisa. Ghorofa ya nne. Ghorofa ya tano.

Ghorofa ya sita.

Kisha kwikwi, na birika, nyuma ya milango iliyofungwa.

Milango ikafunguka. Mama Mdogo alisimama katikati, wima, miwani mkononi. Nyuma yake wakili alikuwa akisoma viatu vyake mwenyewe, na binti mmoja wa cherehani alikuwa amejiuma mdomo hadi macho yanatoa machozi.

"Kibano," alisema Mama Mdogo.

Hakuwahi kumwita hivyo. Sikuzote ilikuwa mwanangu, au wewe mtoto, au jina la nyumbani.

"Abee, Mama Mdogo."

"Uliniahidi nini?"

"Ghorofa tu."

"Na hiyo niliyoisikia ni ghorofa ya ngapi?"

"Mama Mdogo, sikufuta." Machozi yalianza kumlenga. "Niliruka kufuta, nikaandika nikaishia ya sita. Nilikuwa nakimbilia usichelewe. Nisamehe. Ningejua, ningeing'oa lifti yote kwa meno."

Mama Mdogo alijikaza, lakini ule mguu wa miwani uliolegea ukawa unacheza mkononi mwake. Akageuka kurudi ndani ya lifti. Alikuwa ameshainua kidole kubonyeza kitufe.

"Mama," alisema fundi miwani. "Lete miwani."

Alisita. Kisha, kwa kuwa hakutaka kuonekana anakimbia, alitoka, akampa bila kumtazama. Wakili na binti nao wakatoka, eti wana shida ya macho. Fundi aliingia kwenye chumba chake, akakaa mezani dirishani, wote wakabaki mlangoni wamejipanga. Alikaza skrubu taratibu. Halafu akavuta droo, akatoa kichupa kidogo chenye ncha nyembamba, akakiweka juu ya meza.

"Hiyo ni nini?" aliuliza Mama Mdogo, kwa sauti kavu.

"Gundi ya skrubu. Tone moja, hailegei tena maisha."

"Umeipata lini?"

"Ninayo siku zote."

Mama Mdogo alimgeukia sasa, kwa mara ya kwanza tangu atoke kwenye lifti. "Siku zote? Na mimi kila nikija unakaza tu?"

"Mara ya kwanza ulipoileta niliona alama za kibano kwenye skrubu," alisema fundi. Masikio yake yalikuwa yameiva. "Nikajua si bahati mbaya. Ningetia gundi, ungepanda tena ngazi zote hizi kufuata nini?"

Wakili alikohoa, akakoma. Kibano alimtazama Mama Mdogo, na alichokiona kilimshtua kuliko lifti: uso ule uliopimwa miaka na miaka ulikuwa umelegea wote, na chini yake kulikuwa na mtu mwingine, kijana, mwenye haya.

"Leo naitia," alisema fundi. Akadondosha tone, akapuliza, akafuta vioo kwa kitambaa, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Kuanzia leo ukipanda, panda bila sababu."

Mama Mdogo aliivaa miwani. Aliikalisha vizuri masikioni, ingawa ilikuwa imekaa.

"Kesho niko zamu," alisema.

"Basi nitashuka mimi. Nikija pale dirishani nachukua namba?"

"Kila mtu anachukua namba."

Lakini kwikwi ilikuwa imeshamtoka, hakuiwahi. Akaweka mkono mdomoni, akauondoa, na birika likachemka pale pale mbele ya wakili, mbele ya binti wa cherehani, mbele ya kila mtu. Fundi alicheka naye. Kibano alilia kabisa, wala hakujificha.

Msimamizi alirudi saa kumi, shavu moja limevimba, na Kibano akaichomoa chipu. Alipoikalisha kwenye soketi, Mama Mdogo aliingia dukani, akakaa mbele ya maikrofoni, mikono magotini. Tangu ghorofa ya saba hakuwa amesema naye neno.

"Kile kipande," Kibano alianza, kwa woga. "Kwenye kompyuta nakala ninayo. Nikuwekee? Siyo kwenye lifti. Pembeni tu, kiwe chako."

"Futa."

"Chote? Hata kicheko?"

Mama Mdogo alifikiri kidogo, akiigusa miwani yake pale kwenye skrubu.

"Futa, mwanangu. Aliyetakiwa kusikia kashasikia."

Lile neno mwanangu lilikuwa limerudi. Kibano akafuta. Safari hii alisubiri hadi mwisho, wote wawili wakiutazama ule mstari wa kijani ukijaa polepole kwenye kioo, chai ikichemka kweli pembeni. Mama Mdogo akasema upya, "Ghorofa ya saba. Angalia unapokanyaga." Kibano akaandika hadi nane, akahakiki, na kwa kuwa hakuiamini tena kompyuta wala yeye mwenyewe, akasikiliza zote, kuanzia chini hadi juu.

Mama Mdogo alichukua mkoba wake. Mlangoni akasimama, bila kugeuka.

"Jumapili usichelewe," alisema. "Na uje na kiti kutoka hapa dukani. Vyangu viko viwili tu."